Askari wa Damu Wanapoongezeka

Mgonjwa mwenye homa afikapo hospitali siku hizi hutolewa damu kidogo mkononi, na baada ya muda hupewa karatasi yenye safu za tarakimu. Karibu na juu ya karatasi hiyo mna herufi tatu, W, B na C, na mbele yake tarakimu, kama 14.6, pamoja na alama ya kuonyesha kwamba imepita kiasi. Hiyo ndiyo hesabu ya chembe nyeupe za damu. Kabla hajaonana na daktari amweleze, mgonjwa huanza kuisoma karatasi mwenyewe, au humpa ndugu yake ajuaye kusoma, na hapo ndipo taabu huanza. Wako wanaosadiki papo hapo kwamba wamepatwa na saratani ya damu. Wako waendao moja kwa moja kwenye duka la dawa, wakaionyesha tarakimu ile kana kwamba ni hati ya kudai dawa kali. Na wako wengine ambao, kwa kuona hesabu yao haikuzidi, hurudi nyumbani kwa furaha, kumbe ugonjwa umo ndani unaendelea. Wote hao wamekosea kwa sababu moja: wameichukua hesabu ya askari kuwa ndiyo habari ya adui.

Wahenga walisema kwamba pafukapo moshi hapakosi moto. Maneno hayo ni kweli, lakini moshi haumwambii mtu kama ni nyumba inayoungua au ni mama anapika chakula cha jioni. Lazima mtu aende akatazame. Kadhalika hesabu ya chembe nyeupe ni moshi wa mwili, na yafaa kila msomaji ajue jinsi unavyotazamwa.

CHEMBE HIZI NI KITU GANI?

Damu ikitazamwa kwa macho matupu huonekana kuwa ni maji mekundu tu. Ikitazamwa kwa darubini huonekana kuwa ni maji yenye rangi ya manjano, na ndani yake mna chembe nyingi mno. Zilizo nyingi zaidi ni chembe nyekundu, ambazo kazi yake ni kuchukua hewa safi mapafuni na kuipeleka pote mwilini. Katika kitone cha damu chenye ukubwa wa milimita moja kila upande, chembe nyekundu ni kama 5,000,000. Chembe nyeupe katika kitone hicho hicho, kwa mtu mzima mwenye afya, ni kati ya 4,000 na 11,000 tu. Karatasi nyingi za hospitali huziacha sifuri tatu za mwisho, hivyo 4.0 maana yake ni 4,000, na 14.6 maana yake ni 14,600.

Chembe nyeupe ni chache, lakini bila hizo mtu hawezi kuishi, kwa maana ndizo zinazoulinda mwili. Huzaliwa katika uboho, yaani ule ute ulio ndani ya mifupa, hasa mifupa ya nyonga, ya kifua, ya mbavu na ya uti wa mgongo. Ziko za namna tano, nazo hazifanyi kazi moja. Zilizo nyingi kwa mtu mzima huitwa neutrofili, nazo hukamata vijidudu na kuvimeza. Za pili ni limfosaiti, ambazo hutengeneza silaha za kupigana na kila adui kwa namna yake, na humkumbuka akirudi mara nyingine. Za tatu ni monosaiti, ambazo humeza vijidudu na kusafisha uchafu baada ya vita. Za nne ni eosinofili, ambazo hushughulika zaidi na minyoo. Za tano ni basofili, nazo ni chache kabisa.

JINSI HESABU INAVYOPANDA

Chukua mfano wa mkulima aliyejikata mguu kwa jembe akaacha kuliosha jeraha. Vijidudu vilivyo katika udongo huingia kwenye nyama, navyo huanza kuzaana. Nyama za mwili zilizo mahali pale hutoa kemikali za kutangaza hatari. Mishipa midogo ya damu iliyo karibu hupanuka na kulegea, na ndiyo sababu jeraha huwa jekundu, likawa na moto, likavimba na kuuma. Neutrofili zinazopita katika damu husimama hapo, zikapenya ukuta wa mshipa, zikaingia vitani. Nyingi hufa papo hapo pamoja na vijidudu zilivyomeza, na usaha unaotoka katika jipu ni mizoga yao.

Habari za hatari hiyo huchukuliwa na damu hata zikafika kwenye uboho. Uboho una ghala kubwa la neutrofili zilizo tayari, kwa maana kila siku uboho wa mtu mzima hutengeneza chembe hizo zipatazo 100,000,000,000. Ghala likifunguliwa, hesabu iliyokuwa 6,000 asubuhi yaweza kufika 15,000 au 20,000 kabla ya siku kwisha. Vita vikiwa vikali zaidi, uboho huanza kutoa hata chembe changa ambazo hazijakomaa, kama mzee wa kijiji anavyowaita vijana wadogo kusaidia kuzima moto wa msituni. Mpimaji akiziona chembe hizo changa katika darubini huziandika, na daktari huzitilia maanani sana.

Basi hesabu ikipanda katika ugonjwa wa namna hiyo si msiba. Ni ishara kwamba mwili umesikia na umeamka. Ugonjwa ni vile vijidudu vilivyo mguuni. Chembe nyeupe ni wale waliokwenda kuvizuia.

MAMBO HAYO YALIVYOJULIKANA

Mwaka wa 1882, mtaalamu mmoja aliyezaliwa katika dola ya Urusi, jina lake Elie Metchnikoff, alikuwa akikaa Messina, katika kisiwa cha Sicily, nchi ya Italia. Alichukua watoto wachanga wa kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, ambao miili yao hupenya nuru kama kioo. Akawachoma kwa miiba ya waridi, akangoja. Asubuhi yake akakuta chembe za mwili zimekusanyika na kuuzunguka ule mwiba pande zote. Hapo akatambua kwamba mwili una chembe ambazo kazi yake ni kumwendea mgeni mbaya na kumla. Katika miaka hiyo hiyo Mjerumani mmoja, Paul Ehrlich, alikuwa akizitia chembe za damu rangi mbalimbali hata akaweza kuzigawanya kwa namna zake. Mwaka wa 1908 wote wawili walipewa pamoja Tuzo ya Nobel.

Kuhesabu nako kulikuwa na ustadi wake. Mpimaji alichukua damu kidogo, akaichanganya na maji ya asidi hafifu ili mchanganyiko uwe mara 20 ya damu. Asidi ile hupasua chembe nyekundu na kuziacha nyeupe. Kisha alitia tone katika kioo chenye mistari ya miraba, akahesabu chembe zilizo katika miraba minne ya pembeni, akazidisha kwa 50. Akiona chembe 160, aliandika 8,000. Mwaka wa 1953 Wallace Coulter wa Marekani alipata hati ya uvumbuzi kwa mashine inayohesabu chembe moja moja zinapopita katika tundu dogo lenye nguvu ya umeme. Mashine za namna hiyo zilirahisisha kazi sana. Hata hivyo mashine huhesabu tu. Maana ya hesabu lazima itolewe na mtu aliyemtazama mgonjwa.

HESABU YA WALIO NJIANI

Jambo moja ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba hesabu hiyo ni ya askari waliokutwa njiani tu. Walio vitani, ndani ya nyama za mwili, hawahesabiwi. Walio katika ghala la uboho hawahesabiwi. Na hata katika mishipa ya damu, karibu nusu ya neutrofili hazipiti katikati ya mkondo, bali hushikamana na kuta za mishipa kama watu waliokaa barazani kando ya barabara.

Mtu akipanda mlima mbio, au akishtuka, au akiwa na maumivu makali, wale wa barazani huinuka wakaingia barabarani. Hesabu hupanda kwa dakika chache tu, bila kijidudu hata kimoja. Ndiyo sababu mtu aliyekimbia akaingia hospitali huku akitweta aweza kuonekana ana chembe nyingi, na akipumzika zikapungua. Mama mjamzito huwa na chembe zilizozidi kidogo, na hesabu ya 15,000 kwake yaweza kuwa ya kawaida. Akiwa katika uchungu wa kuzaa huweza hata kupita 20,000. Mtoto aliyezaliwa leo aweza kuwa na 30,000 naye ni mzima. Kadhalika kuungua moto, kuvunjika mfupa, kupasuliwa, kuvuta sigara, na kutumia dawa za steroidi kama wapewazo baadhi ya wagonjwa wa pumu, yote hayo huipandisha hesabu. Mgonjwa asiyemwambia daktari dawa anazotumia humfanya amtafute mwizi katika nyumba ambayo haikuibiwa.

Kwa hiyo daktari hatazami jumla peke yake. Hutazama ni namna gani ya chembe iliyoongezeka. Neutrofili zikizidi pamoja na homa, huwaza magonjwa kama kichomi, jipu lililojificha, au uvimbe wa kidole tumbo. Limfosaiti zikizidi, huwaza aina za magonjwa ya virusi, au kifaduro, ambacho kwa mtoto mchanga chaweza kuipandisha hesabu hata ikapita 50,000. Lakini hukumbuka pia kwamba mtoto mdogo mwenye afya huwa na limfosaiti nyingi kuliko mtu mzima. Eosinofili zikizidi, huuliza habari za minyoo, na habari za kichocho kama mgonjwa hufanya kazi katika maji, kwa mfano katika mashamba ya mpunga ya Mwea au kando ya Ziwa Victoria. Pumu na vipele vya kuwasha navyo huongeza chembe hizo hizo.

UGONJWA USIOPANDISHA HESABU

Sasa yafaa kumgeukia yule aliyerudi nyumbani kwa furaha. Yako magonjwa makubwa ambayo hayaipandishi hesabu ya chembe nyeupe. Malaria, ambayo imeua watu wengi katika nchi zetu, mara nyingi huacha hesabu ikiwa ya kawaida au huipunguza. Homa ya matumbo hufanya vivyo hivyo, na magonjwa mengi ya virusi pia. Kala-azar, ambayo huonekana Kenya katika sehemu kama Baringo na Turkana, huzipunguza chembe za damu na kuivimbisha bandama. Mtu akisema, “Sina malaria kwa sababu chembe zangu hazikuzidi,” amesema neno lisilo na msingi. Malaria hutafutwa kwa kipimo chake chenyewe.

Tena, katika ugonjwa mkali ulioenea ndani ya damu, hesabu yaweza kushuka chini ya 4,000. Askari wengi wamekwenda vitani na wengi wamekufa, na ghala limekwisha kabla uboho haujatengeneza wengine. Kwa mgonjwa mwenye homa kali na mwili ulionyong’onyea, hesabu ndogo yaweza kuwa habari mbaya kuliko hesabu kubwa. Wazee sana na watoto wachanga nao huweza kuwa na ugonjwa mzito ilhali hesabu haionyeshi kitu. Na mgonjwa anayetibiwa saratani kwa dawa zinazopunguza chembe nyeupe akishikwa na homa, hata ndogo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kwake yeye usaha na uvimbe huenda visionekane, kwa kuwa wa kuvifanya hawapo.

KIPIMO CHA WATU WETU

Liko jambo jingine linalowahusu wasomaji wa nchi hizi. Watu wengi wenye asili ya Afrika huwa na neutrofili chache kuliko Wazungu, nao ni wazima kabisa. Sababu yake ni urithi. Chembe zao nyekundu hazina alama iitwayo Duffy, na kukosa alama hiyo kuliwakinga wazee wetu na aina moja ya malaria, iitwayo vivaksi, kwa maana kijidudu chake huitumia alama hiyo kama mlango wa kuingilia. Urithi huo huo hupunguza idadi ya neutrofili zipitazo katika damu, lakini haudhoofishi ulinzi wa mwili.

Kwa hiyo mtu mwenye afya aweza kuwa na hesabu ya 3,500, na karatasi iliyofuata kipimo cha watu wa Ulaya ikaandika kwamba amepungukiwa. Asiogope kwa hilo peke yake. Lakini kuna upande wa pili wenye maana kubwa zaidi. Mtu huyo akishikwa na kichomi, hesabu yake ikapanda hata 9,000, karatasi haitaweka alama yoyote, kwa sababu 9,000 haijapita mpaka wa 11,000. Kumbe kwake yeye chembe zimezidi mara mbili na zaidi! Bila kujua hesabu yake ya siku za afya, nani atatambua?

Hapa pana kazi ambayo kila karani na kila mkulima aweza kuifanya bila gharama. Karatasi za vipimo zisitupwe wala zisifungiwe chumvi. Zitunzwe pamoja na hati za shamba na vyeti vya watoto, kila moja ikiwa na tarehe yake, na mtu aendapo hospitali azichukue. Daktari akizilinganisha hesabu mbili au tatu hujua mengi kuliko akitazama moja. Hata katika ugonjwa wenyewe hesabu ya leo na ya kesho kutwa zikiwekwa pamoja huonyesha kama dawa inafanya kazi. Homa ikishuka, mgonjwa akaanza kula, na hesabu ikirudi polepole mahali pake, vita vinakwisha.

YALIYO WAJIBU WA MGONJWA

Kwanza, hesabu iliyozidi isichukuliwe kuwa ni amri ya kununua dawa za kuua bakteria. Dawa hizo haziui virusi, haziponyi malaria, wala hazitoi minyoo. Mtu akizimeza bila sababu huwafunza vijidudu kuzizoea, na siku atakapougua kweli kweli, au mtoto wake atakapougua, dawa haitasaidia. Akiandikiwa na daktari, basi azitumie kama alivyoagizwa, kwa siku zote alizoagizwa, asiziweke akiba wala asimgawie jirani.

Pili, asidhani kwamba kila hesabu kubwa ni saratani ya damu. Hesabu iliyopanda kwa ugonjwa wa vijidudu hushuka ugonjwa unapoondoka. Lakini ikiwa imebaki juu kwa majuma mengi bila sababu kuonekana, au imepanda mno, na mgonjwa akawa anakonda, anapungukiwa damu, anatoka damu kwenye fizi, au ana uvimbe chini ya mbavu za kushoto, asikae nyumbani. Daktari atataka damu itazamwe kwa darubini ili aone umbo la chembe zenyewe, na pengine uboho upimwe. Saratani ya damu ni ugonjwa wa chembe zilizoharibika, nao hutambuliwa kwa kuzitazama jinsi zilivyo.

Tatu, mgonjwa asingoje hesabu ndipo akubali kwamba anaumwa. Mtu apumuaye kwa shida, au anayepotewa na fahamu, au asiyeweza kunywa, au mwenye tumbo gumu lenye maumivu makali, au mtoto aliyeshikwa na degedege, wote hao wapelekwe hospitali mara moja, hata kama karatasi ya jana ilikuwa safi. Mganga mwema humtazama mgonjwa kwanza, kisha karatasi.

Nne, aulize. Si utovu wa adabu kumwambia daktari, “Bwana daktari, chembe hizi zimezidi kwa sababu gani, nazo ni za namna gani?” Swali hilo huchukua dakika moja. Mtu aliyejibiwa vizuri hurudi kwake akijua ameze dawa gani, arudi siku gani, na dalili gani zikitokea aharakishe. Asiyeuliza hujijibu mwenyewe njiani, na majibu ya njiani yamewafikisha wengi hospitali mara ya pili wakiwa wamebebwa.